Hondohondo wa Bi Naseem

Bi Naseem alitaka jambo moja tu katika uzee wake: kufia nyumbani kwake. Si Unguja alikozaliwa. Unguja alikwisha kuiaga. Alitaka ile nyumba yao ya matofali mekundu hapa Scarborough, Kanada, yenye ngazi tatu mbele na mti wa tini nyuma, nyumba aliyoingia akiwa na mimba yake ya kwanza. Alitaka atoke humo amebebwa. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo watu mjini hapa, tena wa damu yake, wanaodai mama alikuwa hajui anachotaka. Alijua. Aliniambia mimi, nikiwa nimemshika mguu.

Kazi yangu ni kuogesha wazee. Natoka Weston asubuhi, nabadilisha mabasi mpaka kiuno kinakuwa si changu, naingia nyumba ya mtu, namwogesha, namvalisha, namtengenezea uji, naondoka. Siku ya kwanza kwa Bi Naseem nilipiga magoti mbele ya beseni, nikaitazama miguu yake, nikasema peke yangu kwa Kiswahili kwamba mihogo hii ilisahauliwa shambani.

Sauti ikatoka juu ya kichwa changu: "Mihogo ya wapi, mwanangu? Kama ya kwenu bara, sawa. Ya kwetu Unguja ni laini."

Ningeweza kuingia ndani ya lile beseni ningeingia. Walionituma waliniambia nakwenda kwa mama wa Kihindi. Hawakuniambia kwamba mama huyo anakijua Kiswahili kuliko mimi niliyekisoma mpaka la saba huko Katumba, kwenye makazi yetu sisi wakimbizi wa Burundi. Kuanzia siku hiyo mimi sikuwa tena Thacienne. Alinikata jina nikawa Thasia, na nikikosea kukanda mguu nilikuwa "wewe mkulima."

Mumewe alikuwa Mzee Fatehali. Mwembamba, ndevu nyeupe, aproni kiunoni kutwa. Huyo ndiye aliyenunua, aliyebeba, aliyelipia, aliyekwenda benki na duka la nyama. Bi Naseem hakujua basi linasimama wapi. Mezani kwake, chumbani juu, hakikukosekana kitu: chungwa limemenywa, lozi zimeloekwa na kuvuliwa maganda, na majira ya joto yakifika tini kutoka ule mti wa nyuma, zimepasuliwa katikati. Mti huo ulikuwa ugonjwa wa Mzee Fatehali. Jirani mmoja Mtaliano alimfundisha kuutunza. Kila mwaka kabla ardhi haijaganda aliukata mizizi ya upande mmoja, akaulaza mti mzima ndani ya mtaro kama mgonjwa, akaufunika mablanketi, mbao na udongo. Theluji ikiisha anaufukua, anauinua, nao unachipua. Usipofukuliwa kwa wakati unaozea hukohuko.

Mimi sikumpenda mzee huyo mwanzoni. Siku moja nilimwambia mkewe wazi kwamba mumewe amemfungia. Miaka yote hiyo Kanada na hata ufunguo wa mlango wako huna?

"Ufunguo wa nini," akasema, "na mimi niko ndani?"

"Ndiyo maana yake umefungwa."

Akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu anayekula embe na ganda lake. Akaniuliza kama namjua hondohondo. Nikasema namjua, yule ndege mwenye pua kama jembe, Katumba walikuwapo. Akasema huyo wetu ni kifaranga, nitulie nisikie habari za hondohondo mwenyewe.

Baada ya mapinduzi ya Unguja baba yake alimpeleka ng'ambo kwa mjomba, kusini ya India, milimani, kwenye shamba la hiliki. Pale hiliki inapoishia msitu unaanza, miti mirefu mpaka shingo iume. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Alikuwa na Kiswahili na Kikachi, lugha ya Wahindi wa kwao, na pale hakuna aliyesema hata kimoja, basi akawa anamfuata mlinzi wa shamba, ambaye naye hakuwa mtu wa maneno. Mlinzi alimwonyesha ndege kwa kidole.

Kwanza unamsikia. Mbawa zake zinavuma kama treni inayopanda kilima, na watu wa kule walimpa jina la mwenye kuvumisha mlima. Halafu unamwona: mkubwa kama bata mzinga, mweusi, mkia mweupe wenye mshipi mweusi, na shingo ya manjano kama aliyeoga bizari. Juu ya mdomo amevaa kofia, nayo ya manjano. Ile rangi anajipaka mwenyewe, ana mafuta yake chini ya mkia, kila asubuhi anajisugua nayo. "Bwana harusi wa kila siku," akasema Bi Naseem, na akacheka mpaka nikamwaga maji.

Dume na jike wanaoana maisha. Wakati wa kutaga, jike anaingia katika tundu la mti mkubwa, juu kabisa, na mlango unazibwa. Unabaki ufa tu, wa kupitisha ncha ya mdomo. Humo ndani anataga, anaatamia, anapukutisha manyoya ya mbawa mpaka hawezi kuruka hata akitaka. Dume kutwa yuko njiani. Anakwenda kwenye mitini ya msituni, anajaza koo, anarudi, anazitapika tini moja moja na kumpitishia mkewe ufani kama mtu anayetunga shanga. Makinda yakianguliwa anayaletea na mijusi. Miezi minne hivi, bila kukosa. Na jike ni msafi. Uchafu wake anautupia nje kwa ule ufa. "Msafi kuliko nyumba nyingi ulizoingia," akaniambia, na hapo hakukosea.

Nikasema basi ni yaleyale, dume kamfungia mkewe.

"Mwanamke, sikiliza. Dume analeta udongo tu. Anayeziba ni jike. Anaziba kutoka ndani, kwa mavi yake mwenyewe na makapi ya tini. Anayefungwa hufungwa kwa nje. Huyu anajiziba mwenyewe, na siku akitaka anabomoa. Mdomo anao."

Nikamuuliza, na dume akifa?

Mzee Fatehali alikuwa chini jikoni anamenya vitunguu, tunamsikia anavyojiimbia. Bi Naseem akauvuta mguu wake kutoka mikononi mwangu. Alisema maneno hayo hayasemwi mwenye nyumba akiwa hai. Kisha akanijibu hata hivyo. Mwaka mmoja wawindaji walimpiga risasi dume kwa sababu ya ile kofia yake. Jike akasubiri. Mbawa zilikuwa hazijaota, angekwenda wapi? Mlinzi alipanda siku nyingi baadaye, akashuka na manyoya tu mkononi.

"Na makinda, mama yao akitoka salama, yanakuwaje?"

"Makinda yana habari yao. Siipendi. Nipe taulo."

Mzee Fatehali alikufa Novemba, siku chache baada ya kuufukia mtini. Alilala mchana, hakuamka. Bi Naseem akaingia eda.

Wapo wanawake wa kwao siku hizi wanaokaa eda huku wakienda kazini, na hakuna anayewasema. Bi Naseem alikaa eda ya bibi yake: miezi minne na siku kumi, chumbani juu, nguo nyeupe, hakuna wanja, hakuna bangili, na asionwe na mwanamume yeyote asiye maharimu yake. Mlango wa chumba aliuacha wazi kiasi cha kiganja. Akaniambia siku zenyewe zinakaribiana na za yule ndege ndani ya mti. Hakuwa anacheka.

Mwanawe Ghulamabbas, Abbas kwa kifupi, alikuja kila jioni kutoka kazini. Mtu mzima, kipara kimeanza, anaishi na mkewe Naheed na watoto wawili katika ghorofa za mjini ambako ukinyoosha mkono unagusa ukuta wa pili. Siwezi kumsingizia: alimtunza mama. Alileta matunda, akamenya, akakaa kitini kumlisha. Mama anasema kwa Kiswahili, yeye anajibu kwa Kiingereza, na wanaelewana. Bi Naseem akanenepa kwa furaha. "Amekuwa baba yake," aliniambia. "Hata chungwa analimenya vilevile, bila kukata ganda."

Hapa lazima niseme jambo ambalo mtu wa nje ataliita ujinga. Nyumba ilikuwa kwa jina la Abbas. Wazee walimwandikia wenyewe pale Mzee Fatehali alipopata kiharusi cha kwanza, bila kusukumwa na mtu. Kwao ilikuwa aibu mama kuandika nyumba jina lake hali ana mwana wa kiume. Ya mwana ni ya mama, nani atatenganisha? Ndivyo walivyolelewa, na hawakuwa na sababu ya kujua vingine.

Januari mafundi wakaingia. Mimi ndiye niliyepita katikati yao na ndoo yangu. Walibandua zulia, wakapaka rangi, wakang'oa makabati ya jikoni ya Mzee Fatehali. Nikamuuliza Abbas, naye akajibu kwa upole kwamba anamtengenezea Mami. Bi Naseem huko juu alisikia nyundo na akafurahi. Aliniambia tu nikitoka nimrudishie mlango vizuri, asije fundi akapita akamwona.

Siku moja mlango wa chumba cha chini ulikuwa wazi. Nikaona kitanda cha dabo deka, cha watoto, na pazia zenye picha za magari. Nilipanda ngazi mbili mbili.

"Bi Naseem, wameweka kitanda cha watoto kule chini."

"Wajukuu watakuja kulala kwa bibi yao. Vizuri."

"Na jokofu lako limeondoka. Na kiti cha mzee. Bi Naseem, shuka ukaone kwa macho yako."

"Kuna wanaume."

"Nitawaambia watoke nje dakika tano."

"Thasia," akasema, na alisema taratibu, "mtu haharibu eda ya mumewe kwa ajili ya jokofu. Nikitoka nitaona. Kitu cha kwanza nitakachofanya ni kuuinua mtini. Utanishika mkono."

Ningefanya nini? Nimbebe? Alijiziba mwenyewe, kama alivyoniambia, na aliamini kwamba mdomo anao.

Eda ikaisha mwishoni mwa Machi. Binti yake, Shelina, alikuja kwa ndege kutoka Calgary kumtoa mama edani. Nilimwogesha Bi Naseem nikamvika gauni la kijani na bangili zake. Aliposhuka ngazi alizigusa kuta mpya kwa kiganja, akasema, "Mmenitengenezea." Viti vilikuwa vimefunikwa mashuka, milango ya vyumba imefungwa. Shelina akasema wamechelewa. Mama akataka apite uani kwanza auone mtini. Theluji ilikuwa imeyeyuka na ule mgongo wa udongo ulionekana dirishani.

"Ukirudi, Mami," Shelina akasema. Hakumtazama.

Tukaenda msikitini, wanawake wakamkumbatia. Tukaenda makaburini, akakaa na mumewe kitambo. Alipoingia tena garini alikuwa mwepesi, anataka chai ya nyumbani. Lakini gari halikushika njia ya nyumbani. Lilikwenda likasimama mbele ya jengo la wazee, moja ya yale ya kila mtu na chumba chake na jiko dogo la pembeni. Shelina alizima injini, akaendelea kushika usukani kama gari bado linatembea.

Tulipanda. Chumbani lilikuwapo sanduku la Bi Naseem, na mto wake, na mswala wake umekwisha kutandikwa kuelekea kibla. Waliufikiria hata mswala. Bi Naseem alisimama mlangoni na viatu vyake miguuni.

"Nirudishe."

Shelina akaanza kueleza kwa Kiingereza habari za ngazi, za kuanguka, za upweke. Mama hakubishana. Alirudia neno lilelile mpaka binti akalia, na tukarudi.

Mlangoni kulikuwa na viatu vidogo vya mvua, jozi mbili. Kitasa kilikuwa kipya, kinang'aa. Nilibonyeza kengele mimi. Mlango ukafunguka kiasi cha kiganja ukakamatwa na mnyororo, na katika ufa ule nikaona nusu ya uso wa Abbas. Nyuma yake watoto walikuwa wanakimbizana juu ya sakafu mpya.

"Fungua, mwanangu, kuna baridi," akasema Bi Naseem.

"Mami, hizi ngazi zitakuua."

"Ngazi hizi nimezipanda na wewe tumboni."

Abbas akasema, na hili alilisema kwa Kiswahili, kibovu, cha mtoto: "Naheed na watoto wamehamia. Kule tulikuwa hatupumui. Hatukukuharakisha, Mami. Tulingoja umalize eda. Tulikuheshimu."

Nimetukanwa katika nchi tatu, lakini sijapata kusikia tusi lililopigwa pasi vizuri namna ile. Nikafungua mdomo nimpe langu. Bi Naseem akaniwekea mkono kifuani. Mkono wa pili akaupitisha ufani, akaugusa ule mnyororo kwa vidole, pete baada ya pete, kisha akamgusa mwanawe shavu.

"Umekula?" akamuuliza.

Abbas akaangalia chini. "Bado."

Mkono ukatoka. Mlango ukafungwa taratibu, kwa adabu.

Shelina alikuwa amejifungia garini. Bi Naseem akakaa pale ngazini na gauni lake la kijani, nami nikakaa, kwa kuwa sikujua lingine la kufanya. Tulikaa mpaka baridi ikanipanda mgongoni. Nilimwambia nitapiga simu, nitakwenda kwa mashehe wao, nitasimama mtaani nipige kelele. Akaniambia nifunge koti.

"Uliniuliza makinda," akasema.

"Si sasa, Bi Naseem."

"Sasa. Mama anatoka kwanza, makinda yangali ndani. Anabomoa, anatoka, mbawa mpya, anaruka. Na wale, kabla ya jioni, wanachukua mavi yao na makapi, wanaliziba tundu tena. Kwa ndani. Wadogo vile, hakuna aliyewafundisha. Mimi nilikaa chini ya mti nikalia, nikamwambia mlinzi, wanawe wamemfungia mlango. Mlinzi akacheka. Akanionyesha juu. Yule mama alikuwa amekwenda, akarudi na tini kooni, akawapitishia kwenye ufa."

"Na wewe utawapelekea?"

"Nishike mkono," akasema. "Ngazi zina utelezi."

Hiyo ilikuwa Machi. Sasa ni Julai, na Bi Naseem yuko katika kile chumba cha jengo la wazee. Bado naenda kumwogesha. Hanenepi tena. Wenzake wanacheza karata chini. Yeye hashuki, na safari hii hakuna eda. Ila Ijumaa anaamka mapema. Analoweka mchele, anasaga hiliki kwa mkono, anapika mkate wa kumimina kwenye lile jiko la pembeni, ule ambao Abbas tangu mtoto anaweza kuumaliza sinia zima. Anaukata, anaupanga katika kopo, ananipa. Nilikataa mara ya kwanza. Nilimwambia mkate huo ningempelekea mbwa kabla ya kumpelekea yule. Aliniuliza kama mimi ndiye niliyemzaa.

Basi napanda basi, na kopo mapajani, na harufu ya hiliki inawageuza watu vichwa. Nabonyeza kengele. Mlango unafunguka kiasi cha kiganja. Mara nyingi ni Naheed, mkewe, mwanamke mpole, sura ya mtu aliyelala vizuri. Nalipitisha kopo kwa upande ili lienee ufani, naye ananirudishia lile la Ijumaa iliyopita, limeoshwa. Wanasalimu. Wanasema watakuja wiki ijayo.

Ijumaa hii niliona pembeni mwa nyumba, kwenye geti la uani, ule mgongo wa udongo upo vilevile. Majani yameota juu yake. Mtoto ameegesha baiskeli hapo. Nikamuuliza Naheed kama wameuinua mtini.

"Mti gani?" akasema.

Nilirudi na kopo tupu. Bi Naseem alikuwa kitandani amekaa, miguu kwenye beseni, ananingoja. Aliuliza kama wameupokea, nikasema wameupokea. Aliuliza kama Abbas alikuwapo, nikasema yuko kazini. Halafu akauliza, mtini umezaa?

"Umelala bado," nikasema.

"Julai hii?"

Nikapiga magoti, nikaanza kumsugua miguu. Baada ya muda aliniambia kwa sauti yake ya kila siku kwamba hiliki imekwisha, nikipita duka la Wahindi nimletee, ya kijani, si ile iliyopauka, ili Ijumaa asichelewe.